Siku Ine za Muhogo

Pale soko ya Hombo, ninapouza muhogo mukavu, kuna Muchina wa kazi ya barabara anayependa kuongea kuliko kununua. Siku moja alishika kipande, akanusa, akauliza kama kiko na sumu ao hapana. Nikamuambia sumu inatoka ukiloweka vizuri. Njo akanipa hadithi ya kwao.

Zamani, alisema, watu wa China hawakujua kipi cha kula na kipi kinaua. Mungu wao wa kilimo akaonja majani yote yeye mwenyewe. Tumbo lake lilikuwa kama kioo, aliona sumu ikitembea ndani. Kwa siku moja sumu ilimupiga mara sabini, akapona. Jani la mwisho likamukata matumbo, akafa. Hata leo wanamuwekea nafaka za kwanza za mavuno. Akacheka. Mimi sikucheka.

Sisi ni watu wa milima ya Masisi. Muhogo wetu kule ni mutamu, unachimba, unapika. Vita ilipotushusha huku Walikale, mwenye shamba mumoja alitugawia muhogo muchungu. Alimuambia mama, "Loweka siku ine, Mama. Usipunguze hata moja."

Mama alichimba, akanituma niuloweke mutoni siku ile ile. Nilikuwa na miaka kumi, na uvivu wa kutosha. Kapo ya muhogo nikaificha nyuma ya nyumba siku mbili nzima, njo nikaenda kuuloweka siku mbili tu zilizobaki.

"Siku ine zimetimia?" mama akaniuliza.

"Zimetimia, Mama."

Niliogopa fimbo, tena nilikuwa na njaa. Chakula kigeni, kwetu, mama njo anakula wa kwanza. Alikula sahani nzima, akatuambia sisi watoto tungoje. Wadogo zangu walilia. Kabla ya jua kuzama kichwa kilimuzunguka, akatapika, akalala chini, hakuamka tena. Watu walisema amelogwa. Mpaka leo ukweli sijamuambia hata padri.

Yule mungu wao alijionea sumu yake. Mama hakuwa na tumbo la kioo. Alikuwa na mimi.

Muchina alikuwa bado amesimama pale.

"Huu umeloweka siku ngapi?"

"Ine," nikamuambia, na ilikuwa kweli.

Hakuuliza tena. Alijaza mufuko, akaenda zake, na mimi nikabaki nikimuchukia kwa kuniamini upesi vile.