Machozi Niliyomwongezea Mama wa Watu

Chuoni Migori nilikuwa mhariri wa jarida letu la wanafunzi, na sifa zilinipanda kichwani. Tangu shule ya msingi nilipata alama za juu kwenye insha, basi nikadhani Kiswahili kizuri ni changu tu: jua halitui bila kupakwa rangi, na mtu akiogopa lazima nywele zimsimame. Kumbe wenye sauti walikuwa wenzangu.

Kulikuwa na jamaa wa Magunga aliyeandika kwa hasira tupu. Hata akieleza harusi, ungedhani anagombana na nyani walioingia shamba lao. Mwingine, Mkuria wa karibu na mpaka, hakuwa na haraka na mtu. Ukurasa ungeisha bado anasalimia wazee. Nilikuwa nawacheka, wallahi. Leo nisomee mstari mmoja tu, nitakutajia aliyeuandika.

Wa tatu alikuwa dada kutoka Sori, kando ya ziwa, mtoto wa muuza omena, wale dagaa wanaoanikwa juani. Sentensi zake zilikuwa fupi, kavu. Aliandika juu ya siku babake alipopotelea ziwani: "Boti ilirudi. Injini iko. Neti iko. Baba hakuna. Mama aliuliza wavuvi mara mbili, halafu akaenda kuanua omena, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja."

Aliniambia kwamba yeye na mamake hawajawahi kuizungumzia siku ile. Tulikuwa tusome kazi zetu mbele ya watu kule Homa Bay, na mamake alikuwa aje. Alitaka mama ajue kwamba siku ile mwanawe alikuwa anamwona.

Mimi nikashangaa: mama gani anakimbilia omena mume amekufa? Watu watamfikiriaje? Nikapamba. Omena nikaitoa, nikaandika kwamba mama aliangua kilio, machozi yakamtiririka njia mbili mbili. Nikapeleka kuchapishwa bila kumwonyesha yule dada.

Siku yenyewe jarida alilipokea mlangoni, na mara akaitwa asome. Aliyasoma yale machozi yote kabla hajang'amua kwamba maneno si yake. Mamake, aliyekaa mstari wa mbele, akatikisa kichwa.

"Ai! Mimi sikulia," akasema kwa sauti. "Omena ilikuwa nje."

 

Yule dada akaweka jarida chini, akasema maneno yake mwenyewe bila kusoma popote. Mamake akawa anaitikia, "Ee. Ee, ndivyo." Alipofika kwenye mvua, mama akajifunika uso kwa leso, akalia.

Baadaye mama alinifuata, akanishika mikono yote miwili. "Mwalimu," akaniita, akidhani mimi ndiye ninayewafundisha, "asante kwa kunifunzia mtoto kusema ukweli."

Mwanawe alikuwa pale pale ananitazama. Nami, kwa woga wangu, nikajibu, "Karibu, mama."