Plagi Ndani ya Ndoo

Mama fundi wa umeme wa boti hana tepu kwenye boksi lake. Tepu, anasema, haizuii maji, inayaficha tu. Akifungua plagi huinusa, kisha hugusa pini zake kwa ncha ya ulimi. Akionja chumvi akatema, mteja ajue kazi imekuwa ndefu.

Juzi alikuwa amelala kifudifudi chini ya sitaha ya boti ya tanga, mkononi ana plagi ya mashine inayoshika usukani nahodha akipumzika. Ametema mara mbili. "Mama, piga tepu tu," mwenye boti akamwambia. "Tunang'oa nanga saa nane." Mama fundi alikata waya shubiri nzima, na shaba ya ndani ikaonekana nyeusi kama masizi. Akakata tena, mpaka wekundu ukatokea. "Nimesema saa nane!" Akafunga plagi mpya, akawasha mashine, akaizamisha ile plagi kwenye ndoo ya maji ya bahari. Kisha akaketi kwenye ngazi, njia pekee ya kutokea, ndoo miguuni.

"Saa nane itapita, baba. Mashine ikizimika hapa, nitaanza upya. Ikizimika huko, utaanza na nani?"