Mengine Ni Yapi, Watoto?

Mwalimu Otilia wa Kitura hakuogopa nyoka wala radi, lakini asubuhi ile, jamani, neno moja la Kiingereza lilimtisha. Neno lenyewe ni necessary. Maana yake aliijua: jambo la lazima. Kulitumia alijua pia: kuchemsha maji ya kunywa ni necessary. Miaka kumi na tisa alikuwa akiliandika ubaoni mbele ya Darasa la Saba kwa c mbili na s moja, akisisitiza kwa fimbo. Sasa kitabu kipya kilikuwa wazi mezani, na humo lilikuwa na c moja, s mbili.

Na siku yenyewe ndiyo ya mkaguzi! Mwalimu mkuu alikwishasema wazi: atakayekutwa anafundisha makosa atanyang'anywa darasa la mtihani. Otilia hakuwa na fahari nyingine duniani zaidi ya darasa hilo. Akawaza kuwaambia watoto wafute haraka, lakini pikipiki ya mkaguzi ikawa imeshaingia uwanjani.

"Shikamoo mkaguzi!" Watoto arobaini wakasimama.

Mkaguzi, Bwana Florian, akaitikia, akachukua daftari la kwanza. C mbili, s moja. La pili vilevile. La tatu pia. Otilia akajisemea moyoni: Bikira Maria, leo naumbuka.

"Chaneni karatasi," mkaguzi akasema. "Andikeni neno la Kiingereza lenye maana ya lazima."

Akazikusanya, akazisoma moja moja, polepole.

"Madam, hapa sielewi. Kwenye daftari wamekosa wote. Kwenye karatasi wamepata wote."

Akasimama Tadea, binti wa dawati la mbele, macho chini.

"Daftari anasahihisha madam. Ukiandika tofauti na yeye, unakuwa umembishia mkubwa mbele za watu. Mtihani unasahihishwa na wengine, huko tunaandika lenyewe."

"Na lenyewe mmefundishwa na nani?"

"Waliotutangulia. Kila mwaka wanaomaliza wanatuachia."

Loh! Bwana Florian alicheka mpaka akavua miwani. Akasema watoto wenye adabu namna hiyo hajawaona, akasaini kitabu cha wageni, akaondoka. Darasa lilibaki mikononi mwa Otilia.

Lakini yeye hakucheka. Hofu ya mkaguzi ilikuwa imemtoka, ikaingia nyingine, kubwa kuliko ile. Akashika chaki, akageukia ubao, mkono ukakataa kuandika hata tarehe. Akawageukia wale watoto.

"Mengine ni yapi?" akauliza. "Niambieni, wanangu. Mengine ni yapi?"

Watoto arobaini wakainamisha vichwa, kwa heshima zote, wakashika kalamu wakisubiri aandike.