Nilivyokohoa Siku ya Posa ya Binti Yangu

Aibu hii afadhali muipate kwangu mwenyewe, maana shemeji yangu akiisimulia huitia chumvi, na mimi ni mtu wa heshima zangu, darasa la nne lilinishinda lakini leo nina malori mawili ya mawe ya kujengea hapa Waa (nyumba nyingi mnazoziona Diani zimepita mkononi mwangu).

Siku hiyo wazee wa kumposa binti yangu Mwanasha walikuwa wanakuja baada ya alasiri. Kwetu mjomba ndiye mwenye sauti katika mambo haya, lakini nilikuwa nimemwapia mke wangu kwamba safari hii jibu litatoka kinywani mwangu, si mwa kakake, huyo shemeji yangu. Asubuhi nikakanyaga msumari. Nikaenda hospitali kudungwa sindano ya pepopunda, nakuta foleni hadi uani, juani, kwa sababu lile wimbi la homa ya mafua lilikuwa limetanda kila kijiji. Nikaona kila anayekohoa anatangulizwa.

Nikakohoa. Wallahi nilikohoa mpaka bibi wa mbele yangu akahama!

Muuguzi akaja, msichana mwenye adabu. "Shikamoo baba. Una homa?"

"Marahaba. Nawaka!" (Akanilenga kipimajoto kwenye paji la uso, na jua lilivyokuwa limenichoma, kikaniunga mkono.)

"Koo?"

"Limechubuka."

"Maungo?"

"Kama nimetwangwa."

"Na pumzi, inakubana?"

Hapo mwenye akili angesema la, lakini mimi sijazoea kuwa na kitu nusu. "Inakatika kabisa, mwanangu."

Nikachukuliwa kipimo cha mafua puani, nikavishwa barakoa, nikalazwa kwenye machela, nikasukumwa mbele ya wote niliowaruka hadi wodi ya mafua, mlango ukafungwa.

"Binti yangu," nikamwambia muuguzi, "nilikuwa naongopa, nina msumari tu."

"Baba, wote husema hivyo wakishaiona wodi. Majibu ya kipimo ni kesho."

Baada ya alasiri mke wangu akapiga simu. "Wageni wameshafika. Nimewaambia umelazwa, hupumui, na sasa wanaulizana kama huo ugonjwa ni wa ukoo. Mmoja ameshavaa viatu!"

Mwanasha wangu akataliwe kwa kikohozi cha uongo? "Weka simu kwenye spika, wote wasikie," nikasema, nikajaza kifua na kupaza sauti: "Wakwe zangu, asalaam alaykum, mimi si mgonjwa, mimi ni mwongo! Nimeruka foleni!"

Kule nyumbani wakaangua kicheko, na wodini nao wakacheka mpaka kikohozi cha kweli kikawapalia, muuguzi akaja mbio. Nikamsikia shemeji: "Jamani, mmemsikia kwa masikio yenu. Basi jibu natoa mimi. Tumekubali."

Mwanasha kaposwa, alhamdulillahi, na wakwe wananipenda sana, ila kila wakinipigia huanza, "Mkwe, leo u mgonjwa au u mwongo?" Nami siku hizi hospitalini napanga foleni kama watu wengine, na nikiulizwa naumwa wapi, nataja pale pale tu panaponiuma.