Kisu Alichokitambua Mutahi

Mutahi wa Ruring'u alikuwa mhunzi, na lau angekuwa mhunzi tu, mambo yangemwendea vizuri. Lakini alikuwa na mdomo. Ukimpelekea kisu chochote, kiwe cha dukani Nyeri au cha kijijini Mathira, alikigeuza mkononi, akakigonga kwa ukucha, akakutajia aliyekifua na kukuchambulia kasoro zake kama shangazi anavyomchambua mke mpya wa nduguye. Watu walicheka, naye alipenda wacheke. Visu vya wenzake wote vilikuwa na ila. Vyake havikuwa nayo.

Hivyo ndivyo alivyozoeana na Sajini Munyao. Ilikuwa miaka ya Imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa ukoloni, serikali imekwisha kuwatoa watu mashambani mwao na kuwabana katika kijiji kimoja chenye handaki na miiba pande zote. Mhunzi hakuruhusiwa kuwasha moto ila kwa kibali, atengeneze majembe na kunoa panga za kazi. Munyao, Mkamba wa Machakos, alikuwa akipanda na askari wake msitu wa Mlima Kenya kuwasaka wapiganaji walioasi serikali, wakilala huko siku nyingi kwenye baridi na matope, na visu walivyopewa vilikuwa vimemchosha. Basi akaleta visu vinne kibandani kwa Mutahi, akavipanga juu ya gunia, akauliza ni kipi mtu aende nacho msituni akapigie kambi.

Mutahi akavimba kichwa. Hicho cha dukani, alisema, kina sura nzuri, lakini mpini wake ukilowa unateleza, utajikata vidole kabla hujakata mwanzi. Cha Mworia wa Timau kimefuliwa kwa visahani vya plau kutoka mashamba ya ngano. Kinachuna swara vizuri, ila ukipasulia kuni kinavunjika kama biskuti. Cha marehemu Theuri ni chembamba mgongoni na kina pete ya shaba shingoni mwa mpini, ili mti usipasuke. Kizuri, alikubali kwa shingo upande, lakini chepesi mno kwa mtu anayetaka kujenga kibanda. Na hiki cha nne, chenye mgongo mnene, cha springi ya lori, hiki kinakata mianzi, kinapasua kuni, kinachuna mnyama, na jioni bado kinakata mkate.

Munyao akauliza hicho ni cha nani, ingawa alijua. Mutahi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Aliyekuwa akivuta mivukuto hapo nyuma hakucheka. Huyo alikuwa Wamae, mume wa Ngendo, binti pekee wa Mutahi. Wamae alikuwa amefunzwa kazi na Theuri kabla Theuri hajafa, na alifua vizuri kuliko baba mkwe wake alivyopenda kukiri. Mbele ya wageni Mutahi hakuvitaja visu vya Wamae kamwe, ila kusema kwamba huyu bado anajifunza.

Munyao akakichukua kile cha springi, akakivaa kiunoni, na tangu siku hiyo hakupita Ruring'u bila kuingia kibandani. Alikuja na visu alivyookota huku na huku, Mutahi akamwonyesha jinsi ya kumjua mtu kwa nyundo yake. Sajini alikuwa mwanafunzi mwepesi. Mutahi naye, Mungu amsamehe, alikuwa mwalimu asiyebana hata neno moja.

Mvua zilipoanza, askari wa Munyao waliivamia kambi moja ndani ya msitu. Waliokuwamo walikimbia wakaacha moto, nyama na kisu. Kesho yake Munyao akaja kibandani bila tabasamu, ofisa wa Kizungu akasimama mlangoni akivuta sigara.

"Mzee," Munyao alisema, "hii kisu ilitengenezwa na nani? Si ya zamani. Mpini bado iko na harufu ya mti."

Mutahi alikijua kabla hajakigusa. Kilikuwa na mgongo mwembamba na pete ya shaba, kama vya Theuri. Lakini alama za nyundo zililalia upande usio wake, kama zinavyolala mtu akipiga kwa mkono wa kushoto, na mhunzi wa mkono wa kushoto katika sehemu zile alikuwa mmoja tu. Alikuwa hapo nyuma, na mivukuto ilikuwa imenyamaza. Miaka ile aliyewafulia watu wa msituni silaha alinyongwa, na kila mtu kijijini alijua hivyo.

Neno "sijui" lilikuwepo. Mtu mwingine yeyote angelitumia akaachwa aende zake. Lakini nani angemwamini Mutahi akisema hajui kisu? Mwenyewe ndiye aliyejifungia mlango wa kutojua kwa kujigamba miaka yote. Akatafuta haraka mtu asiyeweza kudhurika tena.

"Hii ni ya Theuri," alisema. "Na Theuri alikufa, afande."

Munyao akalitafsiri jibu hilo. Mzungu akauliza kitu kifupi, na Munyao akamgeukia Mutahi kutaka kujua, ikiwa Theuri amekufa na kisu ni kipya, vyombo vyake viko wapi na nani anavitumia. Mutahi akasema hana habari. Haikusaidia kitu, maana kila mtoto wa Ruring'u alijua vilipo.

Mhunzi wa kwetu akifa bila mrithi, vyombo vyake haviuzwi wala havigawiwi. Mjane huvitunza mpaka atokee mtu wa ukoo wa kuvishika, na huvipaka mafuta ya kondoo visipate kutu, kwa sababu kutu kwenye nyundo ya marehemu ni aibu yake. Peris, mjane wa Theuri, hakuzaa. Siku ya kuhamishwa, wenzake walipobeba vyungu na kuku, yeye alibeba nyundo. Hofu ilikuwa imemfutia Mutahi hayo yote kichwani, na yalipomrudia, homgadi, wale walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, walikuwa wamekwisha kuingia nyumbani kwa Peris. Walizikuta nyundo uvunguni mwa kitanda zikimeta kana kwamba zimetumika jana. Alijaribu kuwaeleza habari ya mafuta ya kondoo. Wakamchukua mchana huohuo.

Mutahi alifunga kibanda, akamkabili Wamae. Wamae hakukana. Alikuwa akichoma makaa karibu na mto, alisema, watu wakamtokea wakataka kisu. Angekataa wangemuua, na kukubali kulikuwa kifo kilekile kwa mkono mwingine. "Ningefanya nini, baba?" aliuliza. Mutahi alitamani kumpiga, akatamani pia kumkumbatia, na hakufanya hata moja. Ngendo alikuwa nje akimwogesha mtoto wao na kumwimbia.

Asubuhi Mutahi akapiga moyo konde, akaenda kituo cha polisi. Akamwambia Munyao kwamba alisema uongo. Yule mama hana kosa. Kisu alikifua yeye, Mutahi, kwa mkono wake, na wamfunge yeye.

Munyao akachomoa kisu cha springi kiunoni. Akakiweka mezani kando ya kile cha msituni.

"Yako iko na mgongo mnene," alisema taratibu. "Hii imekonda. Yako haina pete. Wewe mwenyewe ulinifundisha, mzee, ati mtu hawezi kuficha mkono yake."

Mutahi akasema alifanya hivyo makusudi, apate kuwadanganya. Munyao akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. Alikivuta kiti karibu akasema kwa sauti ya chini kwamba Mzungu ameshaandika, mama atapelekwa kizuizini, na njia ya kumtoa ni moja tu.

"Kama si Theuri, na si wewe, niambie ni nani. Nitaandika hiyo jina sasa hivi."

Jina lilimfika Mutahi mdomoni. Alimwona Peris na mzigo wake mgongoni, akamwona Ngendo ameinama juu ya karai la maji, na kwa mara ya kwanza maishani mwake yule mtu wa maneno mengi hakupata hata moja. Alisimama mbele ya meza mpaka Munyao akamwambia, "Enda nyumbani, mzee."

Lori la kuwachukua wanawake lilipita kijijini kabla ya juma kuisha, likasimama langoni kuongeza wengine. Watu walisogea mpaka pale homgadi waliporuhusu. Peris alikuwa ameketi ukingoni, kichwa kimenyolewa. Alipomwona Mutahi akasimama, akalishikilia lori kwa mikono miwili.

"Baba Ngendo, askari wameniambia ulikwenda kujitoa badala yangu. Ndugu zangu wa tumbo moja hawakuja hata kuniangalia. Mungu akutunzie nyumba yako, wewe na wote waliomo."

Mutahi aliinua mkono. Alitaka kumjibu kwamba asimbariki, lakini Wamae alikuwa amesimama nyuma yake, na Ngendo kando, mtoto mgongoni, akilia kwa huruma na kwa kumwonea baba yake fahari. Lori likaondoka kuelekea Nyeri.

Ndipo wanawake wa kijiji wakaanza kumjia mmoja mmoja, na wazee nyuma yao, kumshika mkono kama anavyoshikwa mtu aliyefanya jambo kubwa. Aliwapa mkono wote. Hakujua angewanyima kwa kusema nini.