Herufi Yangu Kwenye Shaba

Ikama yangu, kibali cha kuishi huku Saudia, inasema mimi ni dereva. Sawa, naendesha. Lakini nyumbani Kenya nilisomea elektroniki miaka mitatu, na hilo bosi wangu wa Riyadh hakutaka hata kulisikia.

Bosi alikuwa akitengeneza kifaa cha kufuatilia malori. Kilihitaji antena moja bapa, kipande cha ubao wenye shaba kisichozidi kiberiti, ikamate masafa matatu: ya setilaiti, ya simu na ya Wi-Fi. Yake ilikamata mawili tu. Miezi minne! Kila siku nilimsikia kiti cha nyuma akigombana na simu.

Siku moja nikashindwa kunyamaza. "Bosi, chonga ufa kwenye shaba. Umeme uzunguke njia ndefu, utapata masafa ya tatu bila kuongeza ukubwa."

"Yalla, endesha," akasema.

Eti endesha! Niliwaka. Ijumaa hiyo, chumbani kwetu mtaa wa Al-Shumaisi, nikachora antena yangu, nikaitumbukiza kwenye dawa inayokula shaba, ndani ya beseni la kufulia. Wenzangu walinitukana vizuri, maana beseni liligeuka rangi ya kutu. Ule ufa niliuchora kwa umbo la herufi ya kwanza ya jina langu. Mtu anayekudharau hachelewi kukuibia, na mimi si mjinga. Fundi wa simu mtaani alikuwa na kipimo cha masafa. Nilitengeneza sita, kila moja nikiurefusha mkia wa herufi kidogo, mpaka masafa yote matatu yakaitika.

Tukaenda Jeddah kwa wanunuzi. Mbele yao antena ya bosi ikagoma tena. Nikatoa yangu mfukoni, nikaiweka mezani bila kuombwa. Mhandisi wao akaiunganisha na kipimo chake: moja, mbili, tatu.

"Huu ndio muundo wetu mpya," bosi akasema, meno yote nje.

Wetu! Na mimi nimesimama pale pale.

Mhandisi akauliza lile umbo ni la nini.

"Pambo tu," bosi akajibu. "Tutalitoa."

Nikachukua utepe wa shaba kwenye mkoba wa bosi, nikamkabidhi. "Litoe sasa hivi, bosi. Lizibe hapa hapa."

Angefanyaje, na watu wanamtazama? Akaliziba. Masafa ya tatu yakapotea. Mhandisi akabandua utepe, yakarudi.

"Nani alichora hii?" akauliza.

"Mimi," nikasema kabla bosi hajafungua mdomo. "Na hiyo ni herufi ya jina langu."

Kurudi Riyadh, bosi alinuna njia nzima. Tulipokaribia mjini akaniambia nitafute umbo lingine, lisilo la mtu.

"Mafi, hakuna, bosi. Tafuta wewe."

Mpaka leo hajalipata. Ikama bado inasema dereva, na bado naendesha. Ila malori ya wale wanunuzi yakinipita barabarani, mimi hupiga honi, kwa sababu kila moja limebeba herufi yangu.