Bata Kwenye Mtaro wa Nduma

Majuzi nilipita mtaa wa Mowlem, pale jijini, baada ya miaka mingi ya kuzurura, nikashuka hadi mtoni kutafuta shamba la nyanya aliyenilea. Nikakuta magorofa na nguo za watu zikipepea juu. Hewa ilinukia sabuni. Lakini nilipofumba macho, rafiki yangu, nduma, magimbi yetu ya mtoni, ziliota upya, yale majani mapana yaliyonifunika kichwa nikiwa msichana, na umande ukanilowesha magoti.

Mvua zikikatika, majirani walimwagilia kwa zamu kutoka mfereji mmoja. Siku ya nyanya ilikuwa Jumanne. Maji yalipita kwanza kwenye mtaro wa nduma, ndipo yafike kwa sukuma wiki, mboga yetu ya kila jioni. Jumanne ya kwanza nyanya alienda kufyeka mtaro, akarudi, akanishika mkono kunionyesha: bata mwitu wa kahawia amelalia mayai manane mle mtaroni, anatutazama bila kupepesa.

Nyanya hakufungua maji. Jumanne ya pili pia hakufungua, na sukuma ikaanza kuwa njano. Jirani wa shamba la juu, mchonga vinyago kutoka Ukambani, alicheka hadi akaegemea jembe.

"Mama, zamu inapita! Unangoja bata akupe ruhusa?"

"Nangoja wageni wangu watoke."

"Hao wageni wanatosha sufuria moja."

"Jaribu uone. Nitakuchonga wewe!"

Shule nilikuwa nimeshaanza kuikwepa. Nilishinda pale nimelala kifudifudi, nikisikiliza majani yakisuguana na viwanda vikinguruma mbali, kama usingizini. Bata alinizoea. Nilijua hata anavyopumua.

Jumanne ya tatu nyanya alishika jembe. Mboga zilikuwa zimelala chini.

"Watu nao hula," aliniambia bila kunitazama.

Nililia, lakini hakugeuka. Alipoinama kuondoa udongo uliozuia maji, bata aliruka pembeni, na mayai yakabaki wazi. Ndipo tukasikia. Yalikuwa yanalia. Sauti nyembamba sana, kutoka ndani ya maganda ambayo hayajapasuka. Nyanya aliweka jembe chini, akaketi palepale kwenye udongo.

Mchongaji alishuka kuona kuna nini. Alisikiliza, kofia mkononi, mzaha wote umemtoka.

"Kesho ni siku yangu," akasema. "Chukueni nyinyi."

Asubuhi iliyofuata vifaranga saba walimfuata mama yao hadi mtoni, wakiyumba kwenye nyasi. Yai la nane halikuanguliwa. Nyanya akafungua maji, akaingia mtaroni miguu mitupu. Nusu ya sukuma haikupona. Kwa wiki nyingi tulikula nduma na chai ya rangi, na hakunung'unika hata mara moja.

Nyanya tulimzika kwao magharibi. Mchongaji alihama, sijui wapi. Mfereji uko chini ya saruji, na waishio juu yake hawana haja ya kungojana. Mimi nimelala miji mingi tangu hapo. Popote ninapokuta maji yaliyotulia penye majani, husimama kidogo, nikasikiliza.